Karai la Grace Young: Huwezi Kupenda Chakula na Kumkimbia Mpishi

Kuna aina ya vidio za chakula nimechoka nazo, na najua nyinyi pia mmechoka ila mnaendelea kutazama kwa sababu ziko kila mahali. Msee anaingia mkahawa wa Kichina hapo Kilimani, anaagiza tambi na kuku, anazivuta juu mpaka zifike usawa wa macho, anaonja, anatikisa kichwa, anasema "manze hii ni moto", anataja bei, anatoka. Dakika moja imeisha. Aliyezipika hukumwona. Hujui anaitwa nani, ametoka mji gani, alifika hapa lini, na mbona tambi zake haziko kama za mkahawa wa jirani.

Maoni yangu ni kwamba hiyo ni kazi nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Ukizoea kula chakula cha watu bila kuwaona wenyewe, siku ya shida utawakimbia huku bado unasema unapenda chakula chao. Sijatoa hii kichwani. Ilitokea New York mwaka 2020, na kuna mwandishi wa vitabu vya mapishi aliyekuwa hapo akaamua hatanyamaza. Anaitwa Grace Young. Kama humjui, tulia, nitakupeleka polepole.

Grace Young alizaliwa San Francisco, Marekani, na wazazi wenye asili ya China, wa jamii inayoongea Kikanton. Baba yake alikuwa muuzaji wa pombe, anazungusha mzigo kwa mikahawa na baa za Chinatown. Kwa hivyo huyu dada alikulia karibu kabisa na jikoni za Kichina. Na bado, akiwa na miaka 13, alienda kujifunza kupika Kifaransa. Alikuwa amemwona Julia Child kwenye televisheni, akapenda, akampata mwalimu wa mapishi ya Kifaransa hapo hapo San Francisco, mama mmoja aliyeitwa Josephine Araldo.

Usimcheke. Ni wangapi kati yetu wanajua kutengeneza pasta yenye krimu, wamejifunza kwa simu, lakini shosh akisema "leo mukimo ni wako" wanatokwa na jasho? Chakula cha nyumbani kina hiyo shida. Kinakuja mezani kila siku, kwa hivyo unadhani kitakuja milele. Huulizi kimepikwaje. Unauliza tu kama kimeiva.

Baadaye Grace Young alifanya kazi miaka mingi na kampuni ya vitabu ya Time-Life, akisimamia jikoni la kujaribia mapishi. Hiyo ni kazi ya kupima: kijiko kimoja, dakika tatu, nyama ikatwe unene huu. Halafu ndio akageuka kuangalia kwao. Akarudi kwa wazazi wake na kalamu, akaanza kuandika vile wanapika. Kitabu kilichotoka, The Wisdom of the Chinese Kitchen, kilichapishwa 1999. Ni mapishi, lakini pia ni hadithi ya familia.

Na hapa kila mtu aliye na mzazi wa Kiafrika ataelewa bila tafsiri. Wazee hawapimi. Muulize mathe chumvi ni kiasi gani, atakwambia "kiasi". Maji? "Ya kutosha." Utajuaje imeiva? "Utaona." Si kwamba wanakuficha. Mikono yao inajua kitu ambacho midomo yao haijawahi kuombwa ieleze. Njia ya kuitoa hiyo elimu ni moja tu: simama kando yake, angalia, uliza, rudia kesho. Na ukisimama jikoni na mzee kwa muda mrefu, hadithi zinaanza kutoka zenyewe. Nani alimfundisha. Mwaka gani hakukuwa na mchele. Kwa nini hiki hupikwa mtu akiwa mgonjwa na kile hupikwa mwaka mpya.

Mimi niliacha chuo, so kubalini nina sababu yangu ya kuheshimu elimu isiyo na cheti. Lakini hata ukiwa na digrii tatu, hii moja hakuna mahali inafundishwa. Iko ndani ya mtu, na mtu akienda, imeenda.

Sasa tuongee kuhusu karai.

Chombo kinachoitwa wok kwa Kiingereza, sisi tuna jina lake karibu kabisa. Ni karai. Angalia tu umbo: pana juu, limezama katikati, mafuta yanakusanyika chini. Na karai lenyewe, jina na chombo, tulipata kwa Wahindi. Tofauti ni kwamba la Kichina linalosifiwa na wapishi ni la chuma chepesi cha kaboni, linashika moto haraka sana, na likitumiwa miaka mingi linakuwa jeusi na kulainika, chakula hakigandi. Karai jipya linang'aa lakini halijui kitu. Karai la zamani limebeba kila mlo uliopita.

Grace Young alilipenda hilo karai mpaka akaliandikia kitabu kizima, The Breath of a Wok, mwaka 2004, pamoja na mpiga picha Alan Richardson. Alienda mpaka China kutafuta mafundi wa mwisho wanaotengeneza makarai kwa mkono, akawapata ndugu wawili Shanghai waliokuwa bado wanagonga chuma kwa nyundo. Anajulikana pia kwa kupanda ndege na karai lake kama mzigo wa mkononi. Hebu fikiria pale kwa ukaguzi wa uwanja wa ndege, mama na karai.

Jina la hicho kitabu linatoka kwa neno la Kikanton, wok hei. Ni ile harufu na ladha ya moshi kidogo, ya moto, ambayo chakula kinakuwa nayo dakika chache tu baada ya kutoka karaini. Ikipoa, imekwisha. Grace Young alilitafsiri kama pumzi ya karai, na wapishi wengi wanaotumia Kiingereza wakalichukua hivyo hivyo.

Na hakuiacha kama ushairi. Akaeleza inavyopatikana. Pasha karai tupu mpaka tone la maji likidondoka lipotee ndani ya sekunde moja au mbili. Hapo ndipo uweke mafuta. Mboga ziwe kavu kabisa, kwa sababu maji yanaua moto. Nyama usirundike. Ukijaza karai, joto linashuka, nyama inatoa maji, na sasa unachemsha ilhali ulitaka kukaanga. Wale mnaopika wali wa kukaanga na unatoka kama uji wenye karoti, shida yenu ndiyo hiyo.

Mbona nakuambia haya yote? Kwa sababu hayo maelezo ni heshima. Akimfanya msomaji aelewe kwamba kukaanga tambi vizuri ni ujuzi, na kwamba yule mzee wa jikoni anasoma moto kwa masikio na pua, hutaweza tena kuona chakula chake kama kitu rahisi kinachofaa kuwa cha bei ya chini milele. Chakula cha wageni huwa tunakiita "cha bei poa" kana kwamba bei ndogo ni sehemu ya mapishi. Kwa mkahawa wa familia, bei ndogo mara nyingi ni saa za usingizi ambazo mtu hakulala.

Halafu kuna historia, na hii ndiyo ilinifanya nikae chini.

Wachina walianza kufika California kwa wingi wakati wa kukimbilia dhahabu, karibu 1849. Halafu maelfu wakajenga reli ya kuvuka Marekani, ile iliyokamilika 1869. Baada ya kazi kuisha, shukrani ikawa sheria. Mwaka 1875 ilitoka sheria ambayo ilifanya iwe vigumu sana kwa wanawake wa Kichina kuingia. Mwaka 1882 ikatoka nyingine ya kuwafungia vibarua wa Kichina kabisa, na haikuondolewa mpaka 1943. Hata ilipoondolewa, nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 kwa mwaka. Si elfu. Mia moja na tano.

Kwa hivyo mitaa ya Wachina ikajaa wanaume bila familia. Wanaume ambao wengi wao nyumbani wangepikiwa, sasa wako peke yao nchi ya baridi, na wanalazimika kujifunza kupika ama walale njaa. Ile sheria haikuzuia tu mipaka. Iliamua pia nani atasimama jikoni.

Na kuna jambo lingine. Sheria ya 1882 iliwaacha wafanyabiashara waingie na kutoka, hata kuleta jamaa. Mwaka 1915 mahakama moja ya Marekani ikakubali kwamba mwenye mkahawa naye anaweza kuhesabiwa mfanyabiashara. Ghafla mkahawa haukuwa mkahawa tu, ulikuwa mlango wa kuingilia. Lakini masharti yalikuwa magumu: uwe na hisa kubwa, mkahawa uwe wa hadhi, na uusimamie mwenyewe mwaka mzima bila kufanya kazi ya kibarua. Pesa hiyo nani alikuwa nayo? Hakuna mmoja. Kwa hivyo walichanga. Jamaa na watu wa kijiji kimoja wanaweka pesa pamoja, wanafungua mkahawa, halafu wanazungusha umeneja: wewe mwaka huu, mimi mwaka ujao, ndugu yako baada yangu. Kila aliyeshika zamu alipata nafasi ya kuomba hadhi ya mfanyabiashara na kuleta wake.

Hiyo kwetu tunaijua jina. Ni chama. Walipigwa na sheria, wakafanya chama, wakapika.

Kwa hivyo mtu akikaa leo aseme chakula cha Kichina cha Marekani ni "feki", ati si kama cha China, mimi naona hajui anaongea kuhusu nini. Chakula hicho kilitengenezwa na watu waliopika kwa viungo walivyopata, kwa wateja waliokuwepo, ili watoto wao waingie nchini. Ni halisi kabisa. Ni halisi ya hao watu.

Grace Young alilibeba hilo mbele zaidi kwa kitabu chake cha 2010, Stir-Frying to the Sky's Edge. Humo ndani hakukaa Marekani peke yake. Aliwafuata Wachina waliotawanyika. Kuna kamba waliokaangwa kwa ramu, wa Wachina wa Trinidad. Kuna wali wa kukaanga na kuku mwenye viungo vikali vya Jamaika. Kuna nyama ya kukaanga ya Wachina wa Peru, na hii ya Peru lazima niieleze: nyama ya ng'ombe, vitunguu, nyanya, sosi ya soya, vyote ndani ya karai la moto, halafu chipo zinaongezwa, na inaliwa na wali. Chipo na wali sahani moja! Wachina walipelekwa Peru kama vibarua wa mkataba kuanzia 1849, wakateseka kwenye mashamba ya miwa na visiwa vya mbolea ya ndege. Leo hicho chakula kinaitwa lomo saltado na Mperu yeyote atakwambia ni chakula cha kwao. Na mkahawa wa Kichina kule unaitwa chifa, neno linalotoka kwa Kichina cha kula wali.

Kama hiyo inakushangaza, angalia chapo kwa sahani yako. Ilivuka bahari na watu, na leo Krismasi ya Kenya bila chapo ni Jumatano tu ya kawaida. Hakuna mtu anauliza chapo yetu kama ni feki kwa sababu haifanani na ya Punjab.

Hapo ndipo naona akili ya kazi yake. Watu wengi wakitafuta utambulisho huuliza: ni kipi cha kweli, na kipi kimeharibika? Swali lake ni lingine. Ni nini kilibaki hata baada ya kila kitu kubadilika? Nyama imebadilika, viungo vimebadilika, pombe ya mchele imekuwa ramu, lugha nyumbani imekuwa Kiingereza ama Kihispania. Kilichobaki ni ule ufundi wa karai na moto mkali, na familia iliyokaa kuizunguka meza.

Sasa turudi 2020.

Korona ilipoanza kutajwa kwa habari, wateja walikimbia Chinatown ya New York kabla hata kisa cha kwanza hakijathibitishwa pale jijini, tarehe 1 Machi. Soma hiyo tena. Ugonjwa haukuwa umethibitishwa pale. Kilichofika kwanza ni woga, na woga ulichagua sura. Watu waliokuwa wanapanga foleni kwa ajili ya bata wa kuchoma waliacha kuja kwa sababu anayemkata bata ni Mchina. Halafu wazee wakaanza kutukanwa na kupigwa barabarani.

Grace Young alikuwa tayari na jina na tuzo, angeweza kukaa kwake aandike kitabu cha nne. Tarehe 15 Machi alikuwa barabarani Chinatown na mpiga vidio Dan Ahn, wakirekodi wenye mikahawa na maduka. Siku hiyo hiyo ndiyo meya alitangaza kwamba mikahawa ya jiji itafunga watu wasile ndani. Kwa hivyo unachokiona kwa zile vidio ni watu katika saa zile zile walizokuwa wanaamua kama wataendelea ama watafunga. Zikaitwa Coronavirus: Chinatown Stories, zikatolewa pamoja na makumbusho ya mabango ya New York, Poster House. Hakuna mahali anavuta tambi juu. Anauliza swali, halafu ananyamaza, anaacha mtu aongee.

Hakuishia hapo. Mwezi Oktoba, yeye pamoja na taasisi ya James Beard walianzisha kampeni mtandaoni ya kuokoa mikahawa ya Kichina, watu waseme wanapenda kula wapi na waende kula huko. Akachangisha pesa za kununua chakula kutoka mikahawa ya zamani na kukigawia wakazi waliohitaji, shilingi moja ikisaidia watu wawili: mpishi analipwa, mzee anakula. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya utu na taasisi ya James Beard, na mwaka huo huo akapata tuzo ya Julia Child, ambayo huja na dola 50,000 za kupewa mashirika ya hisani. Yule yule Julia Child aliyemtoa jikoni la Kichina akiwa mtoto. Maisha yana vichekesho.

Najua kuna msee hapa tayari anaandika kwa hasira: "Na sisi je? Kwani umesahau Guangzhou?"

Sijasahau. Aprili 2020, mjini Guangzhou, Waafrika, Wakenya wakiwemo, walifukuzwa kwenye nyumba walizokuwa wamelipia kodi, wengine wakalala nje. Tawi moja la kampuni kubwa ya baga lilibandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia, mpaka kampuni ikaomba msamaha. Na Guangzhou ndiyo ile Canton ya zamani, nyumbani kwa mapishi yale yale ya Kikanton. Hata hapa Nairobi, mwaka 2015, mkahawa mmoja wa Kichina ulifungwa baada ya kuripotiwa kwamba ulikuwa unawazuia Waafrika kuingia jioni. Hayo yalituuma na yalipaswa kutuuma.

Lakini angalia kosa lenyewe ni gani. Aliyemfukuza Mkenya Guangzhou hakumwona mtu, aliona rangi akaona ugonjwa. Aliyeikimbia Chinatown ya New York hakumwona mpishi, aliona sura akaona ugonjwa. Ni kosa moja, mwezi mmoja baada ya mwingine, pande mbili za dunia. Yule mzee wa Mott Street anayekaanga tambi tangu ujana hakumfungia mlango mtu yeyote Guangzhou. Ukimlipisha yeye, umefanya hesabu ile ile iliyotumika kukufukuza wewe. Na mkahawa wa Nairobi unaokataa kukuhudumia, usiende, mshtaki, piga kelele. Huo una mwenye kosa anayejulikana. Usimpe adhabu yake yule wa mtaa wa pili ambaye hajakukosea.

Kuna pingamizi lingine, na hili ni gumu zaidi kwangu. Je, hii yote si kulilia zamani tu? Mikahawa ya zamani inaonekana mizuri kwa picha, lakini watu walioifanyia kazi walichoka. Machi 2021 ule ukumbi mkubwa wa Jing Fong, wenye viti karibu 800, mahali vijisahani vya vitafunio vya mvuke vilikuwa vinasukumwa kwa vikokoteni meza hadi meza, ulifungwa. Wafanyakazi waliandamana barabarani. Wao hawakuwa wanalilia historia, walikuwa wanalilia kazi. Kwa hivyo ukisema "tuokoe mkahawa", lazima useme pia unamwokoa nani: mwenye jengo, mwenye biashara, ama yule anayesukuma kikokoteni?

Na kuna watoto. Familia nyingi zilifungua mikahawa ili mtoto asije akafanya kazi mkahawani. Mtoto akiwa daktari ama mhandisi na wazazi wakastaafu na mlango ukafungwa, hiyo siwezi kuiita msiba. Hao walishinda. Kumwambia yule mtoto arudi akae mbele ya moto saa kumi na nne kwa siku ili sisi tupate kula "utamaduni" ni ubinafsi.

Nimefikiria sana hilo, na nadhani ndipo kitabu kinapata maana yake. Mtoto ana haki ya kuondoka jikoni. Kitu ambacho hapaswi kupoteza kwa kuondoka ni kile mikono ya mama yake ilijua. Mtu akiandika, na vipimo vikawepo, na jina la mama likawepo, mtoto anaweza kwenda mbali vile anataka, na siku moja akiwa na miaka arobaini mahali baridi, apashe karai, adondoshe tone la maji, ahesabu sekunde mbili, na arudi kwao kwa nusu saa. Jikoni la zamani linaweza kufungwa kwa heshima kama kuna mtu aliuliza maswali kabla taa hazijazimwa. Likifungwa kwa sababu wateja waliogopa sura za wapishi, hiyo ni aibu yetu sisi walaji.

Kwa hivyo nyinyi mnaotengeneza kontenti ya chakula, na najua ni wengi, kwa sababu kila mtu akinunua simu yenye kamera nzuri anaanza na chakula: sitaki muache. Nataka muongeze dakika mbili. Uliza mpishi anaitwa nani, na kama anakubali jina lake litajwe. Uliza alifundishwa na nani. Uliza ni kitu gani alilazimika kubadilisha alipofika hapa kwa sababu cha kwao hakipatikani. Hilo swali la mwisho ndilo bora, jaribu uone, watu hawaachi kuongea. Halafu lipa. Kula bure ati utampa "kutangazwa" ni tabia mbaya, na kwa kibanda kidogo ni wizi wenye tabasamu.

Na hii haimhusu Mchina peke yake. Muulize Msomali wa Eastleigh kuhusu wali wake na ile ndizi ya pembeni. Muulize Mkongo anayeuza sombe. Muulize mama wa Kisii aliyefungua kibanda Pipeline, kwa sababu naye pia yuko mbali na kwao. Muulize shosh wako, bado yuko, na hatakudai kitu isipokuwa umkatie vitunguu.

Basi niambieni: ni chakula gani mnakula kila wiki ambacho mpishi wake hamjui jina lake? Usinitajie mkahawa. Wiki hii nenda uulize, halafu urudi hapa uniambie jina la mtu.